Kabla Hujavunja Ukuta wa Mbele



Wajukuu zangu, tangu lami ianze kutandazwa huku kwetu Kigoma, kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kila mwenye nyumba iliyo mbele barabarani ana hesabu ileile kichwani: avunje ukuta wa sebule, atoe fremu mbili za duka, aongeze chumba uani, mpangaji aingie. Siipingi hesabu hiyo. Umeme wa gridi ya taifa ulipochukua nafasi ya majenereta ya dizeli mwaka 2022, saluni, mashine za kusaga na maduka ya vinywaji baridi vilianza kutafuta vyumba, na nyumba iliyoachwa na baba inaweza kumlisha mtoto wake vizuri ikikarabatiwa kwa akili. Ninalotaka kuwaambia ni la kibali cha ujenzi na la fundi. Nimekaa baraza la kata miaka mingi nikisikiliza majirani wakigombana, na katika ugomvi wa ujenzi wengi walioumia waliingilia mlango mmoja: mwenye nyumba na fundi walikubaliana waanze kazi kimyakimya, halmashauri isijue.

Vijana wengi mnadhani kibali ni kodi nyingine, karatasi ya kumlipia afisa ili akuache ufanye utakacho na mali yako. Mimi naona ni kinyume chake. Kibali ni chako kuliko kilivyo cha halmashauri. Michoro iliyogongwa muhuri ndiyo shahidi pekee atakayesema mlikubaliana nini, ukuta upi ubaki, nondo ngapi ziingie, siku wewe na fundi mtakapokuwa hamsemezani. Ukijenga bila kibali unamwondoa shahidi huyo kabla kesi haijaanza, na zaidi ya hapo unajifunga mdomo mwenyewe, maana fundi aliyekula hela yako anajua huwezi kupiga kelele.

Nitawaeleza shauri moja bila kutaja majina, kwa sababu wahusika wote wawili wapo na wanaishi na watu.

Kulikuwa na binti mmoja, mwalimu, aliyerithi nyumba ya baba yake, ya tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo, bati limeshapauka. Akampata mtu aliyejiita mkandarasi. Alikuwa na simu nzuri, kofia ngumu na picha za nyumba alizosema amejenga Kibondo. Wakakubaliana kwa mdomo, mlangoni, kwa shilingi milioni tisa: kuvunja ukuta wa mbele, kuweka fremu mbili, kumwaga lenta, kupiga plasta, kurudisha bati. Milioni tano zikatangulia kwa simu. Binti alipouliza habari ya kibali akajibiwa: "Dada, haya ni marekebisho tu. Kibali ni cha nyumba mpya. Tukipeleka karatasi halmashauri mvua itatukuta hapahapa." Binti akaona ni maneno ya mtu mzoefu. Ukuta ukavunjwa Jumamosi na Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa, na jambo hilo peke yake lilitosha kumwambia kwamba fundi anajua anachokikwepa.

Mvua za Novemba zilipokolea ukuta ukapasuka. Afisa mtendaji akafika na barua ya kusimamisha ujenzi. Fundi akakusanya mbao zake na koleo zake, akaenda zake Kibondo kwenye kazi nyingine. Kwa miezi kadhaa binti hakumshtaki mtu. Sote tulishangaa ukimya wake, mpaka alipokuja kutusimulia alichoambiwa kwenye simu: "Nishtaki tu. Wa kwanza kuulizwa kibali utakuwa wewe."

Maneno hayo mtayasikia na nyinyi mkikubali kujenga gizani. Aliyeyasema alikuwa amekushauri mwenyewe usichukue kibali, na leo anakushikia kosa hilohilo.

Mwishowe walikubali wote wawili kuja kusikilizwa kwa hiari. Binti akasema arudishiwe hela zake. Fundi akasema kazi imesimamishwa na serikali kwa kosa la mwenye nyumba, na siku alizokaa bure na vijana wake azidai kwa nani? Ukiwasikiliza bila kuona jengo, kila mmoja ana haki yake. Basi tukaondoka na mwenyekiti wa mtaa na mtu mmoja anayejua zege, tukaenda kutazama.

Ufa ulianzia kwenye kona ya juu ya mlango wa fremu, ukapanda kwa vidato, tofali baada ya tofali, ukifuata maungio ya udongo mpaka chini ya kenchi. Shilingi mia mbili iliingia ndani yake ikiwa imesimama. Fundi akasema ni ufa wa plasta. Yule anayejua zege akaomba nyundo, akagonga ukingo wa lenta, kipande kikadondoka, na kokoto zikaanza kung'oka kwa kidole. Ndani palikuwa na nondo mbili nyembamba za milimita nane, zimelazwa chini kabisa karibu na ubao, ringi zimewekwa mbalimbali kama mtu aliyekuwa anazihesabia bei. Juu ya lenta hiyo ndiyo ulikaa uzito wote wa ukuta uliobaki na paa la mbele. Kati ya fremu mbili hakuna nguzo. Ilipokuwepo sehemu ya ukuta wa zamani, walikuwa wameikata ili duka lionekane pana.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo halikupata jibu: mlikubaliana nondo za ukubwa gani? Binti hakujua kama lilikuwa jambo la kukubaliana. Fundi akasema ameweka "za kawaida". Hakuna mchoro, hakuna orodha ya vifaa, hakuna risiti ya nondo, hakuna mkaguzi aliyeziona kabla zege halijamwagwa. Tulikuwa tunatazama kazi mbovu kwa macho yetu na hatukuwa na kipimo cha kuiitia mbovu isipokuwa maneno ya mtu mmoja mwenye nyundo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami niliona siku ile kwamba nyumba nayo ni mali ya namna hiyo.

Sasa nisikilizeni kuhusu kibali chenyewe. Mji wa Kasulu una halmashauri yake, na maeneo yake yaliyopangwa yanasimamiwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kupaka rangi au kubadili bati lililotoboka ni jambo moja. Kuvunja ukuta unaobeba paa, kuongeza chumba, kupandisha ghorofa, au kugeuza sebule kuwa duka ni jambo jingine kabisa, na mtu asikudanganye kwamba neno "marekebisho" linafuta wajibu wa kuomba ruhusa. Usiishie kumuuliza fundi. Nenda kwa afisa mipango miji na maelezo ya unachotaka kufanya, umuulize yeye kama kazi hiyo inahitaji kibali na cha aina gani. Utahitaji michoro, uthibitisho kwamba kiwanja ni chako, na ada utakayolipa kwa namba ya malipo ya serikali, wala si kwa kumwekea mtu noti mkononi. Ukiambiwa ulipe bila namba hiyo, uliza tena, na tena. Kijijini, nje ya eneo lililopangwa, anza na serikali ya kijiji, na uwe na karatasi zako za ardhi mkononi, hata kama ni hati ya kimila.

Usumbufu upo, sikatai. Mtu anayesafiri kutoka kijijini hadi ofisini akaambiwa mhusika yuko semina ana haki ya kukasirika, na watumishi wetu wajue kwamba kila faili linalolala mezani linamsukuma mwananchi mmoja kwa fundi wa kimyakimya. Lakini usumbufu huo una mwisho. Nyumba iliyopasuka haina.

Kuna jambo ambalo ninyi mnaojenga kando ya lami mnapaswa kulijua kwa undani kuliko wengine. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5. Wazee wengi walijenga wakati hifadhi ikiwa ndogo, na nyumba zao zikajikuta ndani ya mipaka mipya. Mtu wa namna hiyo, mwenye haki ya kufidiwa, huwekewa alama ya X ya kijani. Aliyevamia hifadhi huwekewa X nyekundu na kuambiwa aondoke bila fidia. Sasa chukua nyumba ya baba iliyo salama, ongeza mbele yake fremu za mita nne bila kibali, halafu uje kusema hukujua. Fundi hatakuwepo siku ya kupimwa. Afisa ardhi angekuonyesha kwa futi yake mpaka uko wapi kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, na kazi hiyo ni sehemu ya kile unachokilipia unapoomba kibali.

Tena tunaishi mahali ambapo ardhi hutikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016 jirani zetu wa Kagera walipigwa, watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, nyingi zikiwa za tofali zilizoungwa kwa udongo bila mkanda wa zege, kama zilivyo nyingi za kwetu. Nyumba ya aina hiyo inasimama kwa sababu kuta zake nne zinashikana. Ukiondoa wa mbele na kuweka mahali pake milango miwili ya chuma na lenta ya nondo mbili, umeifungua. Inaweza kukaa hivyo miaka mingi. Inaweza pia isimalize msimu mmoja wa mvua.

Na msidhani ni habari za huku juu milimani tu. Jijini Dar es Salaam mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kibali kilichotolewa kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la Kariakoo lilianguka likiwa na watu na maduka ndani, wakafa zaidi ya 20, na taarifa zilizotoka zilitaja kazi za ujenzi zilizokuwa zikiendelea chini ya jengo. Waliokufa walikuwa wauzaji, wateja, vibarua. Hawakuwa wameulizwa kama ukuta au nguzo iguswe.

Turudi kwenye ugomvi, maana najua wengine mnasoma hili mkiwa tayari mmo ndani yake.

Usikimbilie polisi ukidhani watakukusanyia deni. Ikiwa mtu alichukua hela zako kwa uongo tangu mwanzo, hakuwa na nia ya kufanya kazi yoyote, hilo ni kosa la jinai na polisi ndiko kwake. Lakini fundi aliyeanza kazi, akaifanya vibaya au akaiacha njiani, mara nyingi utaambiwa shauri lako ni la madai. Anza kwa upatanishi, mtaani au kata, penye watu wanaowajua nyote. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya fedha ya ukubwa wa kazi nyingi za nyumba zetu. Na usikae ukingoja dhamiri ya mtu imsumbue: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, lakini ushahidi hufa mapema zaidi ya hapo. Plasta hupigwa upya, simu hubadilishwa, saidia fundi aliyechanganya zege huhamia Uvinza.

Mkataba wa mdomo ni mkataba mbele ya sheria yetu ya mikataba. Asikutishe mtu kwamba huna haki kwa sababu hamkuandikiana. Shida yake ni kuuthibitisha. Tunza meseji za malipo, tunza sauti na picha mlizotumiana, kwa maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeziruhusu zitumike kama ushahidi. Piga picha za nondo kabla ya zege. Ila mjue pia kwamba sheria ya mikataba hiyohiyo haiyatazami kwa jicho jema makubaliano ya kufanya jambo lililokatazwa. Ukisimama mbele ya hakimu ukasema "tulikubaliana tujenge bila kibali", umeanza kesi yako kwa kujishtaki. Ndiyo maana binti yule alinyamaza, na ndiyo maana fundi wake alikuwa na ujasiri.

Nilimwambia hivi, na nawaambia na ninyi: vunja ukimya huo mwenyewe. Nenda halmashauri kabla hujaitwa, sema ulichofanya, uliza jengo linaweza kurasimishwa kwa masharti gani. Ukiwa umekwisha kuadhibiwa au kusamehewa kwa kosa lako, aliyekuwa akikutisha nalo hana tena cha kukushika. Binti alilia aliposikia, akidhani namtuma kwenda kubomolewa nyumba ya baba yake. Nilimsindikiza.

Na ninyi mafundi, wanangu, msinione nimekaa upande wa wenye nyumba. Nimewaona mafundi waliolala njaa kwa sababu mama mwenye jengo alibadili mawazo kila wiki, akahamisha mlango, akaongeza dirisha, kisha akakataa kulipa ongezeko akisema tulishapatana. Nimemwona kijana aliyeangukiwa na tofali kwenye jengo lisilo na kibali, mwenye nyumba akamkana kwamba hamjui. Kazi ya kimyakimya inawaumiza na ninyi, kwa kuwa asiyetambulika hana wa kumtetea. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 iliunda bodi yenye madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba, na anayejiita mkandarasi awe na usajili wake, aweke na kibao cha mradi mbele ya jengo. Asiyefika huko bado hajiiti mkandarasi. Aitwe fundi, ni jina la heshima. Wale mliojifunza kwa baba au kwa kubeba ndoo, VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi mlioupata kazini na kuwapa cheti. Kitafuteni. Mwenye nyumba akikwambia muanze bila kibali ili kuwahi mvua, mwambie unaweza kumsubiri. Atakwenda kwa mwingine, ndiyo, na baadhi yao watarudi kwako na ufa.

Zamani hapa Buha nyumba ilijengwa na ndugu na majirani, na aliyeijenga alikuwa akipita mbele yake kila siku. Hata baada ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, tulipohamishiwa vijijini na nyumba zikapangwa kwa mstari, ukuta ukilegea ulijua ni nani wa kumwita, na aliona haya asipokuja. Leo anayekujengea anaweza kuwa mgeni aliyefika kwa basi la asubuhi. Haya ya mtu usiyemjua haiwezi kukulinda, kwa hiyo tumieni karatasi bila kuona kwamba mnamtukana mtu. Andikeni kazi ni ipi, vifaa gani na vya ukubwa gani, nani anunue, malipo kwa hatua: msingi ukionekana, kiasi fulani, nondo zikikaguliwa, kiasi fulani. Usitangulize zaidi ya nusu ya hela kwa mtu ambaye hajachimba hata shimo. Na bakisheni sehemu, mkubaliane mapema kwa maandishi, itakayolipwa baada ya mvua kupita tangu Oktoba hadi Mei. Kwetu mvua ndiyo mkaguzi asiyehongeka.

Binti yule alitozwa faini, akaipata njia ya kuchora upya. Mchoraji alipoleta michoro ilionekana kwamba nguzo ya katikati lazima irudi, hivyo duka litakuwa moja pana na stoo ndogo, si fremu mbili. Alisikitika, maana alishampa mtu ahadi ya fremu ya pili. Fundi, alipoambiwa kwamba faili sasa liko halmashauri kwa mkono wa binti mwenyewe, alibadilika sauti. Alikubali kuvunja lenta kwa gharama yake na kuimwaga tena mbele ya fundi sanifu wa halmashauri, nondo nne za milimita 12, ringi zimefungwa kwa waya kila sentimita 20. Nilikwenda kuzitazama kabla ya zege. Nilizihesabu na binti akazihesabu baada yangu, akazipiga picha. Hela ya siku alizoacha kazi na ya saruji iliyoganda stoo hawajamalizana. Mwezi uliopita fundi alileta sehemu yake mbele ya mtendaji, ikaandikwa, wote wawili wakatia saini, na salio amepewa mpaka mavuno ya maharage.